Kuulizwa Mara ya Pili

Mara ya kwanza nilipopanda farasi kwenda kuwinda nilikuwa na miaka ishirini, na sikuwa na haja ya paa hata mmoja. Haja yangu ilikuwa kwa mzee aliyetangulia mbele juu ya farasi wake mweusi. Alikuwa ami yangu, kaka yake baba, na mimi nilikuwa na maneno ya marehemu baba ya kumfikishia. Nilikuwa nangoja kuyasema tangu siku mimi na mama tulipoingia nyumbani kwake, na mwaka wa pili sasa ulikuwa unakwisha. Yalikuwa maneno machache, mtu angeweza kuyasema huku anafunga kilemba. Lakini nisingeweza kuyasema mpaka aniulize, na yeye hakutaka kuniuliza.

Hili lazima nilieleze, kwa sababu hata wanangu mwenyewe, waliozaliwa huku, hunitazama kwa mashaka nikiwasimulia. Zamani zile, mgeni akifika nyumba ya Mwomani hukaribishwa kwenye baraza la wanaume, akapewa tende na kahawa, kisha mwenyeji humuuliza mbele ya watu: una habari gani? Na mgeni, hata kama nyumba yake imeungua na watoto wamo ndani, hujibu: hakuna habari ila ya heri. Ndiyo adabu yenyewe. Baadaye, watu wakishatawanyika, mwenyeji humvuta mgeni pembeni akamuuliza tena, polepole, na hapo ndipo habari ya kweli hutolewa. Asiyeulizwa mara ya pili hunyamaza. Kumrushia mtu msiba ambao hakuuomba ni utovu wa adabu.

Mimi na mama tulifika Sib, pwani ya Omani, mwaka wa 1964 tukitokea Unguja, tuna masanduku mawili na birika moja ambalo mama hakukubali kuliacha. Adabu hii nilikuwa nimefundishwa melini na bwana mmoja mtu mzima, Mwomani, aliyeona kwamba sijui kitu na akanihurumia. Kwa hiyo ami aliponiuliza kwenye baraza lake, mbele ya majirani zake wenye ndevu nyeupe, nilijibu kwa Kiarabu changu cha chuoni kwamba hakuna ila heri. Nilijibu hivyo na hali baba yangu amekwisha kufa, na mama yuko upande wa pili wa ukuta, ametoka eda juzi tu. Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. Ami alikuwa akitazama kikombe chake. Nikangoja watu waondoke.

Waliondoka. Ami akainuka, akasema chumba chetu kiko tayari, akaenda kuwatazama farasi wake.

Kwamba ndugu yake amekufa alikuwa anajua. Wanawake wa nyumba ile walimuuliza mama usiku uleule, wakalia naye. Lakini mke wa ami alipotaka kumweleza zaidi, ami alimkata kauli, akamwambia kwamba mambo ya wanaume husemwa na wanaume. Mwanamume pekee aliyekuwa na habari hiyo ni mimi, na mimi sikuulizwa.

Baba na ami walikwenda Unguja pamoja walipokuwa vijana. Baada ya miaka michache ami alirudi, kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa Sib, na baba akaahidi kwamba msimu wa karafuu ukimalizika na yeye atafuata. Hakufuata. Alioa, akapata shamba, akanipata mimi. Bibi yangu alikufa anamuulizia. Tangu hapo ndugu wale wawili hawakupelekeana salamu, na baba nyumbani hakumtaja kaka yake isipokuwa akiwa na homa. Zile siku mbaya za mwaka wa 1964, siku ambazo sisi hatukuthubutu kutoka nje ya ua, kifua kilimbana baba kitandani kwake na hapakuwa na daktari wa kumwita. Alfajiri alinishika mkono akaniambia: "Mwambie kaka yangu aniwie radhi." Hakusema jingine. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Nadhani kila Mwislamu anaelewa uzito wake. Baba alikuwa kaburini anangoja radhi ya mtu aliye hai, na mtu huyo alikuwa anakula sinia moja na mimi kila mchana.

Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Kila jioni nikirudi kutoka barazani alikuwa akiniuliza neno moja tu: "Kauliza?" Na mimi nilijibu: "Hajauliza." Basi aligeukia kazi yake. Alipunguza kulala. Mchana, wakati nyumba nzima imejilaza kwa joto, yeye alikaa ameegemea ukuta, macho wazi. Nilimwambia mara moja kwamba nitamfuata ami nimwambie tu, adabu au si adabu. Akasema, "Ukimtupia, hatoipokea. Mwache aiombe mwenyewe." Hata hivyo nilijaribu. Siku moja, barazani, nilianza, "Marehemu baba..." Ami akapiga makofi kuagiza kahawa. Siku nyingine tulikuwa wawili peke yetu tunatoka msikitini, nikaanza tena, na akaniuliza kama nimewapa farasi maji. Sikujaribu tena. Nilimchukia kwa miezi kadhaa, nasema kweli, na kumchukia mtu ambaye unakula kwake ni kazi ngumu.

Tulikuwa na shida nyingine ndogondogo za wageni. Moja ilikuwa Kibla. Unguja, Kibla ni kaskazini. Makka iko juu yetu moja kwa moja. Sib, Kibla ni magharibi. Hilo mtu hulijua kichwani siku ya kwanza, lakini mwili hauambiwi. Msikitini hapakuwa na tabu, unafuata safu. Ila chumbani, mama alikuwa akitandika mswala wake kuelekea baharini, maana bahari ya Sib iko kaskazini, na mabinti wa ami walikuwa wakija kumgeuza kwa adabu huku wanazuia kicheko. Mama naye alicheka. Alisema, "Miguu yangu bado iko Unguja."

Ami hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti, mitende, na farasi wawili: huyo mweusi, na jike wa kijivu ambaye hakuna aliyempanda. Baada ya mvua za msimu wa baridi wa mwaka wa pili, aliniambia barazani kwamba mwanamume wa nyumba hii anapaswa kukaa juu ya farasi, na kwamba majani yameota bondeni, paa wameteremka, kwa hiyo nijifunze upesi. Alisema kwa Kiarabu, kama alivyosema kila kitu. Watu walidai kwamba zamani Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini mimi na mama hatukuwahi kumsikia akisema hata neno moja.

Kwetu nilipanda baiskeli, na punda wa kubebea karafuu. Farasi ni jambo jingine. Huku hawakutumia vyuma vya kukanyagia. Unakaa juu ya blanketi lililofungwa kwa mkanda, unambana mnyama kwa mapaja, na mengine unamwachia Mungu. Nilianguka mchangani, nilianguka kwenye mfereji wa mitende, nilianguka mbele ya mlango wa msikiti watu wanatoka. Mabinti wa ami waliniangalia kutoka darini, na mmoja akapeleka salamu kwa mama kwamba mwanawe ameanza kujifunza kuruka. Ami mwenyewe hakucheka wala hakunikemea. Alinishika goti, akalisukuma mahali panapotakiwa, akarudi nyuma. Jike yule wa kijivu alikuwa mzee na mwenye subira, na nadhani ni yeye aliyenifundisha zaidi. Nikimvuta hatamu kwa hofu alisimama tu na kungoja niache ujinga.

Siku yenyewe tulitoka baada ya Sala ya alfajiri, watu watatu. Wa tatu alikuwa binamu yake ami, mwenye mbwa. Aliwafuga wale mbwa wembamba wa kuwinda, kiuno chembamba na miguu mirefu, ambao Waarabu huwathamini hata huwalaza kwenye busati. Alikuwa mtu wa maneno mengi na hakutupenda sana sisi tuliotoka Afrika. Alituona tumekuja na viatu vizuri na dini pungufu. Mama alikuwa amenifungia mkate wa kumimina kitambaani. Aliponipa kisu, alisema tu kwamba amekinoa.

Tuliiacha bahari nyuma, tukaelekea bara, upande wa Mabela. Leo Mabela ni nyumba mpaka macho yachoke, na mjukuu wangu mmoja amejenga huko, nikimwambia kwamba pale penye karakana ya magari nimewahi kufukuza paa, hunijibu, "Sawa, babu." Wakati ule palikuwa uwanda wa changarawe, migunga mifupi imesimama mbalimbali, na milima ya rangi ya majivu kwa mbele. Baridi ilikuwa ya kweli. Farasi walitoa mvuke puani. Hakuna aliyezungumza, isipokuwa binamu, ambaye alinieleza sheria kwa sauti ya kumfundisha mtoto wa chuo. Mbwa anapoachiwa, jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Mbwa akimla paa, nyama ni haramu. Na anayefika wa kwanza akimkuta paa yungali hai, ni juu yake kumchinja kabla hajafa. Asimngoje mkubwa wala mdogo. Nilimwambia kwamba nimeelewa. Akasema, "Wewe hutofika wa kwanza, kwa hiyo usijali." Ami alikuwa mbele na sijui kama alisikia.

Jua lilipochomoza, mbwa walisimama wote kwa pamoja. Mimi sikuona kitu. Binamu akanyoosha kidole, bado sikuona kitu, mpaka kipande cha ardhi kilipogeuza shingo. Lilikuwa dume peke yake, dogo kuliko nilivyodhani, rangi ya mchanga ule ule, pembe nyembamba. Binamu akasoma Bismillahi na kufungua kamba.

Sitaki kujisifu kwa yaliyofuata, maana sikuyafanya mimi. Jike wa kijivu alinyoosha shingo akaondoka. Muda wote ule tuliodhani kwamba amezeeka, kumbe alikuwa anangoja kitu cha kukimbilia. Hatamu zilinitoka mkononi, nikakamata manyoya ya shingo, na machozi ya upepo yakanijaa macho. Nilisikia binamu anapiga kelele nyuma yangu kwamba nimzuie farasi. Nimzuie kwa kitu gani na kwa mkono gani? Ami alikuwa amekwenda kulia, kumkatia paa njia ya mlimani, na ndivyo ilivyokuwa: paa alimwona, akageuka, akarudi upande wetu, akakata kushoto, akakata kulia, na kila alipogeuka mbwa walipunguza nafasi. Niliogopa kufa. Na ndani ya hofu ile, nikiri, palikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu tutoke kwetu. Kwa dakika chache sikukumbuka chochote.

Kisha vumbi likatulia na farasi akasimama mwenyewe. Chini ya mgunga mbwa walikuwa wamemlaza paa, mmoja amemshika koo na mwingine paja, hawamli, wanangoja mtu kama walivyofunzwa. Nikageuka. Binamu alikuwa bado mbali, na ami mbali zaidi. Paa alikuwa hai. Ubavu wake ulikuwa ukipanda na kushuka, na jicho lake, jeusi, kubwa, lilikuwa likiniangalia bila kupepesa.

Niliteremka. Nikawafukuza mbwa kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu, nikapiga goti, nikamlaza kwa ubavu wa kushoto kama baba alivyonifundisha kuchinja mbuzi wa Idi nyuma ya nyumba yetu. Nikamgeuza. Nikamshika kidevu, nikavuta shingo, nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikapitisha kisu mara moja bila kuinua mkono. Damu ilikuwa moto na ilikuwa nyingi kwa mnyama mdogo kama yule. Nilimhurumia sana. Sikuwa nimemchinja mnyama aliyenitazama vile, na nilibaki nimemwekea mkono shingoni hadi miguu ilipoacha kutapatapa.

Binamu alifika, akashuka, akatazama kisu, akatazama koo. Kisha akamtazama paa mwenyewe, akatazama jua, na uso ukamchangamka.

"Huyu umemwelekeza wapi?" aliniuliza.

Nikaangalia. Paa alikuwa amelala uso wake unaelekea baharini. Kaskazini. Mikono yangu, kwa haraka ile, ilikuwa imemgeuza kule ambako ilifundishwa, na akili haikuulizwa. Nikahisi masikio yananichoma. Binamu akasubiri ami ateremke farasini, kisha akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka mlimani kwamba hawa watu wa Zanzibar hata Kibla hawaijui, na kwamba yeye, kwa upande wake, nyama hii hataitia mdomoni, ami afanye atakavyo na watu wake.

Ami alichuchumaa upande wa pili wa paa. Aliweka kiganja juu ya ile shingo, pale karibu na mkono wangu, akafuata kwa macho mstari wa pua ya mnyama mpaka ng'ambo ya uwanda, hadi ukanda mwembamba wa bahari uliokuwa unang'aa mbali. Nilingoja anigombeze, na nilikuwa tayari. Nilisema moyoni kwamba akinigombeza tu nami nitamtolea yote, kila nilichokuwa nimemeza kwa miaka miwili.

"Kaskazini," alisema. Alisema kwa Kiswahili.

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Nani kakufunza kuchinja?" Bado kwa Kiswahili, Kiswahili cha Unguja ya zamani, kilichotoka polepole na kwa taabu.

"Baba."

Akamgeukia binamu yake, akamwambia kwa Kiarabu kwamba nyama ni halali, kuelekea Kibla katika kuchinja ni sunna na jina la Mungu limetajwa, na kwamba kijana huyu Kibla anaijua, ila aliyoifuata ni ile aliyolelewa nayo. Halafu akamwomba, kwa upole ambao haukuacha nafasi ya kukataa, awapeleke farasi na mbwa wakanywe maji kwenye kisima tulichopita. Binamu akatutazama mmoja mmoja. Akakusanya hatamu akaenda.

Ami akatandika shali yake chini ya mgunga. Akatoa tende kwenye mfuko aliokuwa ameuteremsha farasini pamoja na kiriba cha maji, akaziweka katikati yetu, akanionyesha nikae. Mikono yangu ilikuwa ina damu, akanimiminia maji ya kiriba mpaka ikatakata. Nikala tende moja. Akala moja. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama anavyokaa mwenyeji barazani kwake, na akaniuliza, "Una habari gani?"

Mdomo ulijibu wenyewe. "Hakuna habari ila ya heri, ami."

Akatikisa kichwa. "Hiyo ushanipa siku mliyokuja. Nambie nyengine."

Basi nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka miwili, na hakuna hata moja lililokuja kwa mpango. Nilimwambia kuhusu kifua, na daktari ambaye hatukuweza kumwita, na ile alfajiri. Alinisikiliza akitazama chini. Nilipofika kwenye kifo akaniuliza, "Aloshwa?"

"Ndiyo, ami."

"Nani kamuosha?"

"Mama na mimi."

"Na sanda?"

Nikamwambia kwamba maduka yote yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo mama alitoa shuka zake nyeupe, zile alizotandikiwa siku ya harusi yake, akazikata mwenyewe. Kafuri hatukuwa nayo. Alitia asumini za uani. Kaburi nililichimba mimi na jirani yetu mmoja, ndani ya ua, kando ya mdimu, kwa kuwa hatukuweza kumfikisha makaburini. Jirani ndiye aliyetusalisha.

Ami alikuwa amefumba macho. "Mlimlaza ubavu upi?"

"Wa kulia. Uso Kibla."

"Kaskazini."

"Kaskazini, ami."

Hapo alilia. Alilia bila sauti, amekaa vilevile, wima, na machozi yanapotelea ndevuni. Mimi pia nililia, na sikuona haya.

Alipopata sauti aliniambia kilichokuwa kimemziba mdomo. "N'liskia watu wengine walitiwa mashimoni," alisema. "Hawajaoshwa, hawajasaliwa, hajulikani nani kaelekea wapi. Nkaona mwana wake kaja bila yeye na hasemi kitu. Nkasema, nikiuliza nitajua. Bora nsiulize." Akamgusa paa shingoni. "Leo n'lipomuona mnyama huyu kalala vile, nkajua. Mtu aliyemfunza mwanawe hivi, mwanawe hawezi kumtupa."

Chuki yangu yote ya miezi ile sikuiona ilikokwenda. Nilikuwa nimedhani ni kiburi. Mzee wa watu alikuwa anaogopa.

Nikamwambia maneno ya baba. Niliyasema kama nilivyopewa, sikuongeza wala sikupunguza: mwambie kaka yangu aniwie radhi.

Ami alitazama baharini, kule kule alikotazama paa. "Nimemuwia radhi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa kauli mbele ya kadhi. "Nilimuwia siku mlipoingia mlangoni na yeye hamo. Na yeye aniwie mimi, maana n'likaa miaka ishirini nikingoja yeye ndo aanze." Kisha akanyanyua mikono, tukamsomea Fatiha pale pale, na baba alisomewa na ndugu yake kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Binamu aliporudi kutoka kisimani alitukuta tumekwisha kumchuna paa. Akatazama nyuso zetu, akaona macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake nadhani alichagua kunyamaza. Njiani alinionyesha namna ya kumfunga paa nyuma ya blanketi asiteleze. Mchana ule alikula ile nyama, tena alikula nyingi.

Tulirudi polepole. Nilikuwa nimechubuka mapaja na kila hatua ya farasi iliniuma. Ami alipanda ubavuni mwangu, hakutangulia. Hakuzungumza sana, ila mara kwa mara aliuliza kitu kwa kile Kiswahili chake chenye kutu: kama mdimu ule ulizaa, kama baba alikuwa bado anakoroma, kama nyumba ilikuwa na upepo. Nilimjibu yote. Nilimwambia kwamba alikoroma mpaka majirani wakajua saa.

Mama alikuwa kwenye kizingiti cha jiko, ana ungo wa unga mkononi. Aliona paa, akaona kanzu yangu ilivyojaa damu, na wala hakuuliza kama nimeumia. Alinitazama usoni. Sikumngoja aseme lile neno lake la kila jioni.

"Kauliza, mama."

Aliuweka ungo chini. Alisimama kidogo, ameshika mwimo wa mlango. Kisha akamwambia mke wa ami kwamba leo amwie radhi, hatoweza kusaidia jikoni, akaingia chumbani kwetu. Nilipopita baadaye kutafuta kanzu safi, mchana kweupe, nyumba nzima imejaa kelele za watu wanaokata nyama, nilimkuta amelala.